Bushi mpya zilizokufa ndani ya miezi saba

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Naendesha Toyota Runx ya mwaka 2003, kila siku natoka Kibaha kwenda kufundisha Mbezi na kurudi. Mwaka jana gari lilianza kugonga mbele nikipita kwenye matuta. Fundi akabadilisha bushi zote nne za kontroli amu, kelele zikaisha. Baada ya miezi saba zimerudi. Nikabadilisha shokapu, bado. Sasa ananiambia bushi zimekufa tena, kwamba spea za siku hizi zote ni feki. Na kweli, nikishika breki gari linataka kwenda kushoto. Ninunue jenuini, au niweke zile ngumu nyekundu wanazosema hazifi? Nimechoka kununua kitu kilekile."

Marahaba, Mwalimu. Kabla hujanunua chochote, rudi kwa fundi wako umuulize swali moja, na umuulize kwa upole: siku ile alipokaza bolti kubwa za kontroli amu, ile mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu kwenye gari, gari lilikuwa juu ya jeki matairi yakining'inia, au lilikuwa limekaa kwa uzito wake? Akikujibu "lilikuwa juu, sasa ningekaza vipi?", basi jibu umeshalipata.

Spea feki zipo, sikatai, na nitazifikia. Lakini bushi nyingi ninazoletewa zikiwa zimechanika kabla hazijamaliza mwaka, ukizitazama vizuri, raba yake haina ubaya. Zimepasuka zote upande mmoja, kwa mpasuko unaozunguka bomba la katikati. Hiyo ni alama ya bushi iliyokazwa ikiwa imepinda. Naijua kwa sababu nami nilizipasua hivyohivyo nilipokuwa naanza kazi, gari la mtu likiwa juu ya magogo, na mwenye gari alipolirudisha nikamwambia maneno yaleyale aliyokuambia fundi wako.

Watu wengi hudhani bushi inazunguka kama beringi. Haizunguki. Bushi ya kontroli amu ni bomba dogo la chuma katikati, bomba kubwa nje, na raba kati yake ambayo kiwandani imepikwa kwa joto hadi ikagandana na chuma pande zote mbili. Bomba la nje limeshindiliwa ndani ya kontroli amu. Bomba la ndani linapitiwa na bolti, na ukikaza ile bolti, ncha za bomba huuma mabano ya sabfremu, ile fremu ya chuma chini ya injini, na kuganda hapo. Kuanzia dakika hiyo, gurudumu likipanda tuta au likizama shimoni, kinachofanya kazi ni raba tu: inajinyonga kidogo huku, inarudi, inajinyonga kidogo kule, inarudi. Ikiwa imekazwa gari likiwa limekaa sawa, basi barabarani inakuwa imetulia, na kila msokoto ni mdogo.

Sasa piga hesabu. Tuchukue kontroli amu yenye urefu wa sentimita 35, na gurudumu linaloshuka sentimita 10 gari likiinuliwa. Hapo mkono umeinama nyuzi 16 hivi. Fundi akikaza katika hali hiyo, raba inahesabu kwamba pale chini ndipo nyumbani. Gari likishushwa, mkono unapanda, bomba la ndani limeshagandishwa, na raba inanyongwa nyuzi 16 kabla gari halijatoka gereji. Inabaki hivyo umeegesha shuleni, umelala, mwezi mzima. Ni kama kanga iliyokamuliwa ikaachwa imekamuliwa. Halafu unapanda tuta barabarani, inaongezwa msokoto mwingine juu ya ule. Raba inaanza kuachia pale ilipogandana na chuma, kidogo kidogo, na siku moja bomba la ndani linaelea ndani ya tundu. Ndiyo ngo-ngo unayoisikia.

Kwa hiyo hata ukinunua jenuini, zikikazwa kwa mtindo ule zitakupa miezi zaidi, lakini zitakufa vilevile. Utakuwa umelipa zaidi kwa kosa lilelile.

Lakini ngoja, tusizihukumu bushi kabla ya kuzikagua. Umeshabadilisha shokapu bila sababu, na sitaki ubadilishe na bushi kwa kubahatisha. Kwenye sehemu ya mbele ya Runx kuna vitu vitano au sita vinavyogonga kwa sauti zinazofanana.

Anza na jaribio lisilo na gharama. Tafuta tuta lililonyooka, upite polepole matairi yote mawili ya mbele yakipanda kwa pamoja. Kisha tafuta mahali ambapo tairi moja tu linaingia shimoni na jingine linabaki juu. Kama linagonga zaidi kwenye shimo la upande mmoja kuliko kwenye tuta, mshukiwa wa kwanza ni stebilaiza, ile nondo inayounganisha pande mbili za mbele: linki zake au raba zake mbili zinazoishikilia kwenye sabfremu. Ile nondo hujinyonga pale magurudumu yanapotofautiana. Yakipanda pamoja haina kazi kubwa. Fundi anaweza kuzifungua linki zote mbili, akafunga vizuri kilichobaki, mkazunguka mtaani polepole. Kelele ikipotea, mmemaliza, na linki ni spea ya bei nafuu kuliko vyote hivi. Ninashangaa ni gari ngapi zinabadilishwa bushi na shokapu wakati aliyekuwa akigonga ni linki ya stebilaiza.

Kwako kuna jambo la pili ambalo linanifanya niamini kwamba bushi kweli zina neno: gari kuvuta upande ukishika breki. Kontroli amu ya Runx ina bushi ndogo mbele na bushi kubwa nyuma. Ukishika breki, gurudumu linasukumwa kurudi nyuma, na bushi kubwa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Ikiwa imechanika, gurudumu linarudi nyuma kweli, lakini tairodi, ile fimbo ya usukani inayoligeuza gurudumu, haibadiliki urefu, kwa hiyo gurudumu linajigeuza kidogo bila wewe kugusa usukani. Ya kushoto ikiwa mbovu kuliko ya kulia, gari linaweza kwenda kushoto. Tofautisha hilo na usukani kutetemeka ukishika breki. Kutetemeka mara nyingi ni diski zilizoliwa vibaya. Na kama gari linavuta upande lakini bushi zinaonekana nzima, akague kalipa, kile kibanio cha breki, maana iliyoganda nayo huvuta vilevile.

Kuikagua bushi kunahitaji macho mawili na mtaimbo. Gari likiwa juu ya shimo la gereji, matairi chini, mtu mmoja akae ndani, aweke gia ya kwenda mbele, ashike breki, aachie kidogo, ashike tena; kisha gia ya kurudi nyuma, vivyo hivyo. Gari lisiende popote, lijikaze tu. Mwingine amulike tochi kwenye bushi kubwa kutoka pembeni, si kutoka mbele ya gari. Bushi nzima inaonyesha raba ikijivuta kidogo. Iliyokufa inaonyesha bomba la katikati likihama hadi kugusa ukuta. Baada ya hapo injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, ndipo fundi aingize mtaimbo kati ya mkono na sabfremu asukume.

Mipasuko midogo ya juu juu kama ngozi kavu haimaanishi bushi imekufa. Raba huzeeka kwa joto na hewa, na gari la miaka 20 lazima liwe na mikunjo. Vilevile usimwache mtu akuonyeshe yale matundu mawili ya kwenye bushi kubwa akakuambia "unaona ilivyotoboka". Yamewekwa kiwandani makusudi, ili raba iwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Kilichokufa ni raba iliyokatika kabisa, au iliyoachana na chuma hadi unaingiza ncha ya bisibisi kati yake.

Wakiwa hapo hapo wakague boli jointi, kile kiungo kati ya kontroli amu na gurudumu. Hii siisemi kwa kupita. Bushi iliyokufa itakula matairi yako na kukupigia kelele, lakini boli jointi ikichomoka gurudumu linalala na gari linaburuta chini. Kwa Runx boli jointi imefungwa kwenye kontroli amu kwa bolti moja na nati mbili, inabadilishwa peke yake. Kama ina mchezo wowote au kinga yake ya raba imepasuka na mchanga umeingia, ibadilishwe safari hiihii, maana mkono utakuwa umeshafunguliwa.

Haya, tuseme bushi zimekufa. Ununue nini?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kutumia kontroli amu zako ukashindilia bushi mpya. Ya pili ni kununua kontroli amu mpya za kampuni nyingine, zinazokuja na bushi zake. Ya tatu ni mtumba kutoka Japani, zile zinazoning'inia kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Hiyo ya tatu mimi siipendi kwa kazi hii. Runx ilitengenezwa kuanzia 2001 hadi 2006, kwa hiyo hata mtumba mzuri kuliko wote una raba yenye umri wa karibu miaka 20. Chuma kinaweza kuwa bora, lakini wewe hununui chuma.

Kati ya mbili zilizobaki, uamuzi unategemea fundi wako ana nini. Kama ana presi, mashine ya kushindilia, au yuko tayari kupeleka mikono kwa mwenye presi, tumia mikono yako ya awali mradi haijapinda, na ununue bushi nzuri. Chuma cha awali cha Toyota kina vipimo sahihi. Kama alichonacho ni nyundo kubwa na kipande cha bomba, nunua mikono kamili. Bushi inayopigwa nyundo huingia kwa pembe, ukingo wake unakunjika, na raba inaumia kabla haijaona barabara. Na hata kwenye presi, msukumo uwe kwenye bomba la nje. Akisukuma bomba la katikati, nguvu yote inapita kwenye raba, na ameshaichana kabla hajaifunga. Akitaka iteleze, maji ya sabuni yanatosha. Asichome bushi ya zamani kwa moto ili itoke. Moshi wa raba ni mbaya kwa mapafu ya wote walio pale, na haina haja, msumeno wa chuma unalikata bomba la nje taratibu likatoka.

Jambo moja mafundi wengi hulisahau: bushi kubwa ina upande wa kukaa. Kabla haijatolewa ya zamani, matundu yake yanaelekea wapi? Ipigwe picha kwa simu, iwekwe alama ya rangi kwenye mkono, na mpya iingie ikitazama hukohuko na kwa kina kilekile. Ikigeuzwa robo mzunguko, gari litakuwa gumu pale linapotakiwa kuwa laini, na utahisi kila kokoto.

Kuhusu feki, sanduku lisikudanganye, wala stika inayong'aa. Itazame bushi yenyewe pale raba inapokutana na chuma. Nzuri haina mwanya, haina povu, na gundi haijamwagika. Bonyeza raba kwa kidole gumba: iliyo ngumu kama plastiki, au inayoacha alama ya kidole, irudishe. Zilinganishe mbili za sanduku moja. Za feki mara nyingi hazifanani hata zenyewe kwa zenyewe.

Zile nyekundu ngumu ni za poliyurethani. Si uongo kwamba zinadumu, kwa sababu zinafanya kazi kwa namna nyingine: bomba la ndani huteleza ndani ya plastiki badala ya raba kujinyonga, hivyo lile kosa la kukaza juu ya jeki haliziui. Lakini zina masharti. Zinataka grisi ya silikoni, na zikikauka, au vumbi likiingia, zinalia kama kitanda cha zamani. Na zinapitisha mtikisiko mwingi zaidi kwenye mwili wa gari. Mtu anayeshindana mbio namshauri aziweke. Mwalimu anayetaka kufika Mbezi kichwa hakijauma, namshauri raba. Zipo pia za kuchonga, nailoni inayokerezwa kwa mtu wa mashine. Hizo kwa kontroli amu hapana. Hazijipindi hata chembe, na mzigo wote unahamia kwenye bolti na mabano ya sabfremu.

Na kama kuna mtu aliwahi kukupulizia oili chafu kwenye bushi "ili zilainike", asirudie. Raba hunywa mafuta ya injini, inavimba na kuwa tepetepe. Akague pia kama injini au mfumo wa usukani unavujia upande huo. Nimeona bushi nzuri kabisa zikiharibika kwa tone la oili linalodondoka kila siku kutoka juu, na kila mtu akilaumu barabara.

Sasa siku ya kazi. Asubuhi, gari likiwa limekaa kwenye sakafu iliyo sawa, bila abiria, chukua futi kamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi ukingo wa madigadi juu yake. Andika, kushoto na kulia. Fundi atakucheka kidogo, mwache acheke. Kipimo hicho ndicho kitakachokuonyesha "nyumbani" ya raba ni wapi.

Gari liinuliwe, likae kwenye stendi imara, asiwepo mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kufungua kwenyewe sitaeleza kila spana, fundi wako anaijua kazi hiyo. Nitaonya mahali pawili tu. Kwenye Corolla za kizazi hiki zenye gia otomatiki, bolti ya mbele upande wa gia mara nyingi haitoki moja kwa moja, inagota kwenye gia boksi, na dawa yake ni kuishikilia injini na kuishusha sabfremu kidogo. Anayetaka kuikata bolti ili aokoe nusu saa mkatalie. Mahali pa pili ni kutu. Gari lililoishi pwani, au lililotoka sehemu za Japani zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, bolti yake inaweza kugandana na bomba la ndani la bushi. Ipuliziwe dawa ya kutu jana yake, si dakika tano kabla. Na ikitoka imeliwa katikati, inunuliwe nyingine ya aina ileile, si bolti yoyote inayoingia.

Wakati wa kurudisha, bolti zote za kontroli amu ziingizwe na zifungwe kwa mkono tu, ziguse lakini zisibane. Boli jointi inaweza kukazwa kabisa na kutiwa kota pini mpya, hiyo haihusiani. Stebilaiza linki ziachwe mwisho. Kisha kuna namna mbili za kumaliza. Iliyo bora ni kufunga matairi, kushusha gari, kulisukuma mbele na nyuma mita chache, kulikandamiza bampa mara kadhaa likae, halafu liwekwe juu ya shimo na fundi akaze kutoka chini huku matairi yakiwa yamebeba gari. Kama gereji haina shimo, aweke jeki chini ya kontroli amu, karibu na boli jointi, ainue gurudumu taratibu hadi kutoka katikati yake kwenda kwenye madigadi kufikie kile kipimo ulichoandika asubuhi. Hapo akaze. Ahame upande wa pili, afanye vilevile. Hiyo ni kazi ya dakika 15 za nyongeza, na ndiyo ambayo haikufanyika mara ya kwanza.

Nguvu ya kukaza ifuate kitabu cha gari, kwa spana ya kupimia. Nati za matairi za Runx ni Nm (nyutoni mita) 103. Usikubali zikazwe kwa bomba la mita moja na mtu amesimama juu yake.

Ulisema bushi zote nne zilibadilishwa, na nne hizo ni za mbele. Nyuma, kwa Runx inayovutwa na matairi ya mbele tu, kuna nyingine mbili kubwa zinazoshikilia ekseli. Watu huzisahau kwa sababu hazipigi kelele mapema. Dalili yake ni gari kuyumba mkia ukihama njia kwa kasi, au ukiwa unapishana na lori. Zikaguliwe, lakini usizibadilishe kwa sababu tu mbele kumefunguliwa. Kazi yake ni kubwa, inagusa mabomba ya breki na nyaya za breki ya mkono, na kanuni ya kukaza gari likiwa limekaa ni ileile.

Ukimaliza, endesha siku mbili tatu kisha nenda alaimenti, na uombe karatasi ya kabla na ya baada. Kwa Runx kinachorekebishwa kwa kawaida mbele ni tou, yaani jinsi matairi yanavyotazamana kwa ncha zake. Mlalo wa gurudumu, yaani linavyoinama kuelekea ndani au nje, hauna sehemu ya kurekebisha kiwandani. Kwa hiyo kama karatasi inaonyesha mlalo wa kushoto na kulia unatofautiana sana, usikubali kuambiwa "gari ni la zamani". Kuna kitu kimepinda, kontroli amu au shokapu, na wewe shokapu umeweka mpya juzi tu, kwa hiyo anza kuangalia bolti mbili zinazoishikilia chini kama zilikaa vizuri.

Na matairi yako ya mbele, yapapase kwa kiganja upande wa ndani kabla hujaenda. Kama yameliwa kama meno ya msumeno, matairi hayo yataendelea kuvuma hata baada ya kila kitu kuwa sawa. Yahamishie nyuma, na mvumo wake usije ukakurudisha gereji kubadilisha bushi mara ya tatu.